Koncheto ya Aranjuez mikononi mwa Paco de Lucía: sidii ya kusikiliza kuanzia mwanzo hadi mwisho

Sidii ninayoizungumzia hapa ilitolewa na kampuni ya Philips mwaka 1991, na jalada lake limebeba jina la mpiga gitaa Paco de Lucía pamoja na jina la kazi kuu iliyomo ndani, Concierto de Aranjuez, yaani koncheto ya gitaa na okestra iliyotungwa na Mhispania Joaquín Rodrigo mwaka 1939. Nimeisikiliza kwa miezi minne nyumbani kwangu Mamboleo hapa Kisumu, darasani ninapofundisha muziki, na siku moja nzima kule Khwisero kwa baba yangu mdogo, ambaye amepiga gitaa la mtindo wa omutibo tangu ujana wake. Mimi mwenyewe niliijua kazi hii kwanza kwa kipande kimoja tu, kile cha katikati chenye huzuni, nilichokisikia kikipigwa kwa kinanda cha umeme huku waombolezaji wakipita kuaga mwili wa marehemu, na kwa miaka mingi nilidhani kwamba Rodrigo alikuwa mtunzi wa maombolezo. Sidii hii imenionyesha kwamba alikuwa kwanza mtu wa mapigo na ngoma, na kwamba huzuni ya kipande kile haieleweki vizuri mpaka mtu asikie kinachoitangulia na kinachoifuata.

Niliinunua kwa muuzaji wa sidii na santuri za mitumba jijini Nairobi kwa shilingi 1,200, ikaletwa Kisumu kama kifurushi ndani ya matatu. Mahali pa kupokelea vifurushi waliiweka chini ya gunia la viazi, na ilinibidi nirudi siku mbili kuiulizia. Nilipoipata, kasha lilikuwa limepasuka pembeni na kijitabu cha ndani hakikuwamo, ingawa sidii yenyewe haikuwa na mkwaruzo hata mmoja. Asiye na mashine ya sidii anaweza kuipata kazi hii katika programu za muziki za simu, lakini ninamsihi asiisikilize kwa spika ya simu yenyewe. Spika hiyo humeza nyuzi za chini za gitaa, na katika koncheto hii nyuzi za chini ndizo zinazotembea.

Ni vigumu kuipima sidii bila kumjua mtunzi, kwa hiyo nitaanzia kwake. Rodrigo alizaliwa tarehe 22 Novemba 1901 katika mji wa Sagunto, karibu na Valencia, upande wa mashariki ya Uhispania. Alipokuwa na umri wa miaka mitatu mji huo uliingiwa na dondakoo, na ugonjwa ule ulimwondolea karibu nuru yote ya macho. Mzazi wa Kenya analijua neno dondakoo kutokana na kliniki, kwa maana mtoto hupelekwa kuchanjwa dhidi yake akiwa na wiki 6, kisha 10, kisha 14. Mtoto wa Sagunto wa wakati ule hakuwa na kinga hiyo. Familia yake ilimpeleka kusoma muziki huko Valencia, akajifunza piano na fidla, na ikamwajiri mtu aliyeitwa Rafael Ibáñez awe mwenzake wa kutembea naye, wa kumsomea vitabu na wa kumnakilia nota. Mwaka 1927 Rodrigo alihamia Paris kusoma utunzi kwa Paul Dukas, na katika mji huohuo akakutana na mpiga piano Victoria Kamhi, mzaliwa wa Istanbul. Walioana mwaka 1933. Tangu hapo hadi kifo cha Victoria mwaka 1997, ni vigumu kutenganisha kazi ya mume na kazi ya mke, kwa kuwa yeye ndiye aliyekuwa akizipitia nota za mumewe kwenye piano na kumwambia palipoandikwa vibaya.

Wapiga gitaa wengi wa kwetu hushangaa wanapoambiwa kwamba Rodrigo hakuwa mpiga gitaa. Alikijua chombo hicho kwa masikio na kwa kuulizia, akakiandikia kama mtu anayemwandikia barua ndugu aliye mbali. Ndiyo sababu kazi zake zinawatesa wapigaji, kwa maana mahali pengine vidole vinatakiwa kunyooka kuliko mkono wa binadamu unavyopenda, na mtu hawezi kujitetea kwamba mtunzi angejua kama angejaribu mwenyewe. Hata hivyo hakuna aliyeziacha. Andrés Segovia, aliyekuwa mpiga gitaa mashuhuri kuliko wote wa zama zake, aliandikiwa na Rodrigo kazi nyingine ya gitaa na okestra mwaka 1954, Fantasía para un gentilhombre, iliyojengwa juu ya nyimbo za Gaspar Sanz, mpiga gitaa wa karne ya 17. Nayo familia ya Romero, ya wapiga gitaa, iliandikiwa koncheto ya magitaa manne mwaka 1967.

Jinsi alivyoandika ndiyo iliyomvutia mwanafunzi wangu mmoja wa kidato cha tatu, kijana asiyeona, ambaye hupiga kinanda kanisani kwao Jumapili. Nilipowaeleza wanafunzi darasani kwamba koncheto hii yote iliandikwa kwa nukta nundu, maandishi ya wasioona yanayosomwa kwa vidole, aliinua mkono na kuuliza, "Mwalimu, nukta nundu za herufi au kuna nyingine?" Swali lake lilinifanya nitafute jedwali la nota na kujifunza pamoja naye. Nukta ni zilezile sita, na vinundu ni vilevile anavyosomea Kiswahili, ila maana hubadilika: herufi d inakuwa do, e inakuwa re, f inakuwa mi, na hivyo hivyo mpaka j ambayo ni ti. Zikiandikwa hivyo tu, nota hizo ni fupi, thumuni ya nota nzima. Ukiongeza nukta ya sita inakuwa robo, ukiongeza ya tatu inakuwa nusu, na ukiziongeza zote mbili inakuwa nota kamili. Kijana alicheka kwa furaha alipogundua kwamba jina lake, ambalo limejaa herufi za mwanzo wa alfabeti, lina kipande cha wimbo ndani yake.

Lakini raha hiyo ina gharama, na gharama ndiyo ninayotaka msikilizaji aikumbuke anapoiweka sidii hii. Mtunzi anayeona huandika sauti zote za okestra juu ya ukurasa mmoja, filimbi juu, fidla chini, na kwa kutupa jicho mara moja anajua nani anaimba na nani amenyamaza. Anayeandika kwa nukta nundu hana ukurasa wa namna hiyo. Kidole kinasoma mstari mmoja kwa wakati mmoja, na mengine yote lazima yakae kichwani. Rodrigo alikuwa akiandika kwa mashine ya nukta nundu, kisha akaketi na mnakili na kumtajia nota moja baada ya nyingine, chombo kimoja baada ya kingine. Ninapoisikia okestra ya koncheto hii jinsi ilivyo nyepesi, jinsi kila chombo kinavyoingia, kusema neno lake na kutoka, ninaamini kwamba wepesi huo umetoka katika kichwa kilichozoea kupanga kila kitu mahali pake kwa sababu hakikuweza kukitafuta kwa macho.

Wepesi huo pia ulikuwa jibu la tatizo la zamani. Gitaa lina sauti ndogo, na okestra ya Rodrigo ina tarumbeta, baragumu na kundi zima la fidla. Wote wakipiga kwa pamoja, gitaa linazama kama mtumbwi wa Dunga katika dhoruba. Rodrigo alilipatia nafasi kwa njia ya mazungumzo, gitaa linasema, okestra inajibu, na pale wanapokutana okestra hushusha sauti. Mara chache sana inapopiga kwa nguvu zote, gitaa limekwisha kunyamaza.

Wazo la kuandika koncheto lilizaliwa mezani, wakati wa chakula huko San Sebastián mwaka 1938, pale mpiga gitaa Regino Sainz de la Maza alipomhimiza Rodrigo ailete. Uhispania ilikuwa vitani, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyodumu kuanzia mwaka 1936 hadi 1939, na Rodrigo na mkewe walikuwa wamepitia miaka ya dhiki nchini Ufaransa na Ujerumani. Aliitunga Paris mwanzoni mwa mwaka 1939, akarudi nayo nyumbani ndani ya sanduku la safari wakati vita vya pili vya dunia vikianza, na Sainz de la Maza akaipiga kwa mara ya kwanza mjini Barcelona tarehe 9 Novemba 1940. Aranjuez ni mji wenye kasri la kifalme na bustani kando ya mto Tajo, kusini mwa Madrid, na Rodrigo alieleza kwamba alitaka kurudisha harufu ya maua, milio ya ndege na maji ya chemchemi za bustani hizo. Hayo ni mambo ya pua na masikio, hakuna hata moja linalohitaji macho.

Sasa nije kwenye sidii yenyewe. Ilirekodiwa mubashara, mbele ya watu, na Okestra ya Cadaqués ikiongozwa na Edmon Colomer, huku Rodrigo mwenyewe, wakati huo karibu kutimiza miaka 90, akiwa amehudhuria. Paco de Lucía hakuwa mwanafunzi wa chuo cha muziki. Alizaliwa Algeciras, kusini kabisa mwa Uhispania, mwaka 1947, akafundishwa gitaa la flamenko, muziki wa jadi wa kusini mwa Uhispania, na baba yake na kaka yake nyumbani, na hakulelewa kusoma nota. Kuiingia koncheto ambayo wapigaji wa vyuo walikuwa wameitawala kwa miaka 50 kulihitaji ujasiri, na hata alivyoshika gitaa hakukufanana na wao, kwani alikunja mguu mmoja juu ya mwingine na kulilaza gitaa juu ya paja kama wafanyavyo wapiga flamenko.

Nilimpelekea baba mdogo sidii hii Khwisero Jumamosi moja ya mwezi wa nane. Tuliketi barazani, mashine juu ya kigoda kati yetu, na sikumwambia lolote kuhusu nani anapiga au nani ametunga. Sehemu ya kwanza huanza na gitaa peke yake, likikwaruza nyuzi zote kwa upole juu ya sauti moja nzito inayoshikiliwa na fidla kubwa za besi. Baba mdogo alisikiliza kama nusu dakika, akasema, "Rudisha." Nikarudisha. Aliingia ndani akatoka na chupa ya soda na kisu, maana wapiga omutibo hukwaruza chupa kuweka mapigo, akaanza kukwaruza pamoja na gitaa. Mara ya kwanza alipotea. Mara ya pili akapotea mahali palepale. Mara ya tatu alifumba macho, akatingisha kichwa, kisha mkono ukashika njia na haukuiacha tena mpaka filimbi zilipoingia.

"Mwanangu," alisema tulipoisimamisha, "huyu anahesabu mbili, halafu anahesabu tatu, na mwendo haubadiliki."

Sijawahi kusikia maelezo mafupi zaidi ya sehemu ile. Mapigo ni sita, lakini mara yanagawanywa mafungu mawili ya tatutatu, mara mafungu matatu ya mbilimbili, na asiyekuwa makini anadhani muziki umekwenda mbio au umechelewa, kumbe umesimama palepale na ni mguu wake uliobadilika. Ni mchezo wa kale katika ngoma za Uhispania, na mtu aliyekua akisikia isukuti ya Waisukha na Waidakho, ngoma ambayo UNESCO iliiorodhesha mwaka 2014 kuwa urithi unaohitaji kulindwa haraka, haoni ugeni wowote katika kusikia mbili na tatu zikipigana ndani ya pigo moja. Sidii nyingine nilizozisikia hulainisha mahali hapo. Mpigaji hukwaruza kwa upole mno, kana kwamba anaomba radhi, na mbili na tatu zinayeyuka zikawa kitu kimoja. Paco hazilainishi hata kidogo. Kila mkwaruzo una ukingo kama wa sufuria, na kila badiliko la hesabu unalisikia kifuani kabla ya kulielewa kichwani.

Baba mdogo alivutiwa pia na zile nota za mbio ambazo gitaa huzimwaga kati ya maneno ya okestra. Omutibo, mtindo ambao marehemu George Mukabi wa Kisa aliufanya ujulikane nchini kote kabla ya kufa mwaka 1963, hupigwa kwa kidole gumba kinachotembea na besi na kidole cha shahada kinachoimba juu. Paco huzimwaga nota zile kwa kidole cha shahada na cha kati vikipokezana kama miguu ya mkimbiaji, na zinatoka sawasawa kama punje za mahindi zikimwagwa kwenye debe. "Huyu alijifunza nyumbani," baba mdogo alisema. Nilipomwambia kwamba ndivyo ilivyokuwa, hakushangaa.

Sehemu ya pili ndiyo maarufu, na ndiyo ambayo watu watainunulia sidii hii. Gitaa linakwaruza taratibu, nyuzi zikifunguka moja baada ya nyingine, na juu yake zumari refu la sauti nzito, ndugu mkubwa wa oboi, linaimba wimbo wenye mikunjo mingi, kama mtu anayesali kwa sauti akiwa peke yake. Gitaa linaupokea wimbo uleule na kuujibu kwa mapambo yake. Wanaendelea hivyo, mmoja akisema na mwingine akirudia, mpaka gitaa linapoachwa peke yake kwa muda mrefu, likipanda kutoka nyuzi za chini kwa hasira inayoongezeka, na hapo ndipo okestra nzima huuchukua wimbo na kuulia kwa nguvu. Mwisho, kidole kinagusa uzi bila kuukandamiza, na sauti inatoka nyembamba kama ya kengele ndogo iliyo mbali, ikipanda mpaka inapotea.

Kwa miaka mingi watu walidai kwamba Rodrigo aliandika wimbo huo akiomboleza mji wa Guernica, uliopigwa mabomu mwaka 1937. Victoria alieleza baadaye katika kumbukumbu zake kwamba ulikuwa na furaha ya siku za fungate yao, pamoja na uchungu wa mwaka 1939 walipompoteza mtoto wao wa kwanza kabla hajazaliwa. Nilimsimulia baba mdogo hayo baada ya yeye kuniuliza, "Huyu anamlilia nani?" Hakujibu kitu. Chupa ilikuwa miguuni pake, na wakati wa sehemu ile hakuigusa. Nilipotaka kuzima mashine ili tuzungumze, aliniinulia mkono nisiizime, nasi tukaiacha ikaendelea kwenye sehemu ya tatu bila kusema neno.

Katika sehemu hii ya pili ndipo pia ninapokuwa na neno la kumkosoa Paco, na ninalisema kwa heshima. Sauti ya gitaa lake ni kavu. Pale wimbo unapohitaji nota iliyoshikwa ikaimba na kufifia polepole, yeye ana nota inayopasuka na kufa, kama ilivyo desturi ya flamenko, ambayo huandamana na miguu ya mchezaji na makofi na haina sababu ya kusubiri. Anayetaka utamu aisikilize rekodi ya Narciso Yepes na kiongozi wa okestra Ataúlfo Argenta ya miaka ya 1950, ambayo kwa kweli ndiyo iliyoipeleka koncheto hii duniani. Yepes anaushika wimbo kama maji ndani ya kiganja. Nikitakiwa kuchagua sehemu ya pili pekee, nitachukua ya Yepes. Nikitakiwa kuchagua koncheto nzima, nitamchukua Paco, kwa sababu pale gitaa linapobaki peke yake na kuanza kupanda, ukavu wake unageuka kuwa ukweli. Hapo unamsikia mtu ambaye hajali kama sauti yake inapendeza, na nadhani mzazi aliyempoteza mtoto huwa katika hali hiyo.

Sehemu ya tatu ni fupi na ya ukarimu, ngoma ya kasri inayochanganya hesabu ya mbili na ya tatu kwa mpangilio usiotabirika, na inamalizika kwa upole bila kishindo. Si sehemu yenye nguvu zaidi ya kazi hii, na katika rekodi nyingine huwa ninaiona kama kumsindikiza mgeni mlangoni. Hapa angalau ina miguu, na baada ya kilio cha sehemu ya pili mwili unahitaji kusimama na kutembea. Koncheto nzima haizidi sana dakika 20.

Okestra ya Cadaqués inatimiza wajibu wake kwa bidii, ingawa fidla zake zinasikika nyembamba na kwa mbali kidogo, jambo ambalo huenda limetokana na kurekodiwa mubashara. Mpuliza lile zumari la sehemu ya pili anastahili sifa kamili. Anaimba bila kuharakisha, na anajua kwamba gitaa litamjibu.

Nusu ya pili ya sidii ina vipande vitatu vya Isaac Albéniz, Mhispania mwingine, aliyezaliwa mwaka 1860 na kufariki mwaka 1909. Vimetoka katika Iberia, mkusanyo wake wa vipande 12 vya piano alioutunga miaka yake ya mwisho, na hapa vinapigwa kwa magitaa matatu, Paco akiwa na Juan Manuel Cañizares na José María Bandera. Triana ni mtaa wa Seville na El Albaicín ni mtaa wa Granada, na ukisikiliza jinsi magitaa yanavyonyang'anyana wimbo unaelewa kwamba Albéniz, ijapokuwa aliandikia piano, masikio yake yalikuwa yamejaa magitaa. Wanafunzi wangu walivipenda vipande hivi kuliko koncheto yenyewe. Mimi ninaviona kama nyongeza nzuri, na kwa anayejifunza kupanga magitaa mawili au matatu katika bendi vina mafunzo mengi: hakuna anayerudia anachofanya mwenzake, na besi haiachwi kwa mtu mmoja.

Mwaka huohuo sidii ilipotoka, mfalme Juan Carlos alimpa Rodrigo cheo cha ukabaila kilichofungamanishwa na bustani za Aranjuez. Rodrigo alifariki Madrid tarehe 6 Julai 1999, miaka miwili baada ya Victoria, na wote wawili wamezikwa katika makaburi ya Aranjuez. Paco alifariki mwaka 2014. Ninayataja haya kwa sababu msikilizaji mpya hupenda kuuliza kama anaweza kuwasikia tena jukwaani, na jibu ni kwamba rekodi kama hii ndiyo iliyobaki, tena yenye mtunzi na mpigaji ndani ya chumba kimoja.

Kwa bei niliyolipa ninaipendekeza bila kusita kwa mpiga gitaa yeyote, kwa mwalimu wa muziki, na kwa mtu anayeujua wimbo wa katikati na hajawahi kusikia kinachoutangulia. Anayetafuta muziki wa kumtuliza usiku asiinunue. Mikwaruzo ya mwanzo itamwamsha. Ninashauri asikilize sehemu zote tatu bila kuruka, na ikiwa paa lake ni la mabati asichague jioni ya mvua ya Kisumu, kwa maana ule mwisho wa sehemu ya pili hautamfikia kabisa.

Mwanafunzi wangu aliiomba sidii mwisho wa juma lililopita na kuirudisha Jumatatu pamoja na karatasi nene iliyojaa nukta. Alikuwa ameuandika wimbo wa zumari kwa masikio, kwa kutumia lile jedwali, mistari mitano. Nilipitisha vidole juu yake bila kuweza kuusoma, akanisomea yeye, akiimba kila nota kwa jina. Katika mstari wa nne aliacha nafasi. Alisema kwamba pale mpuliza zumari anapoutikisa wimbo kabla ya kuushusha, hakuwa na hakika kama ni nota tano au sita, na hakutaka kuandika kitu asichokisikia. Tulifunga dirisha la upande wa barabara, tukaiweka tena sehemu ya pili, na kuanza kuhesabu.